Mchoro wa Relei na Yale Usiyoyasema

Karatasi yenyewe ni nyepesi, imekunjwa mara nne, na hukaa chini kabisa ya boksi, chini ya taa mbili zilizofungwa kwa sponji. Wanunuzi wengi hawaifungui. Katika gereji za pembeni mwa barabara hapa Nyakato, Manispaa ya Musoma, utaikuta sakafuni ikiwa imekanyagwa na kulowa oili, wakati taa zilizokuja nayo zimeshafungwa kwenye bampa la Noah au Probox na zinawaka. Maneno yaliyomo ni machache, ya Kichina na Kiingereza. Kilichobaki chote ni mchoro: betri, fyuzi, swichi, kiboksi cha relei chenye namba nne, taa mbili, na mistari myekundu na myeusi inayoviunganisha.

Nimeamua kuuhakiki mchoro huo kama unavyohakikiwa utungo wowote ule: muundo wake, alama zake, mtazamo wake, na mambo unayoyanyamazia. Unastahili. Kijana anayejifunza umeme wa magari mjini hapa bila kupitia chuo cha VETA hana kitabu kingine zaidi ya karatasi za namna hii na maelezo ya fundi mkuu wake, ambaye naye alifundishwa hivyo hivyo. Anayoyasoma humo huyafanya kwa mikono siku hiyo hiyo, kwenye gari la mtu. Msomaji wa riwaya akielewa vibaya sura ya tatu, hakuna kinachoungua. Hapa kinaungua.

Maoni yangu ni haya. Mchoro wa relei unasema kweli kuhusu kipi kiunganishwe na kipi. Kuhusu kiunganishwe mahali gani, kwa waya wa urefu gani na unene gani, hausemi kitu, na umechorwa kwa namna inayomfanya msomaji asihisi kwamba kuna jambo lililoachwa. Gari huunguzwa na hayo yaliyoachwa.

Na taa zenyewe watu wanazihitaji kwelikweli. Ukitoka Musoma usiku, ukafika Makutano na kukata kulia kuelekea Bunda, unaingia barabara kuu ya Mwanza–Sirari, ambayo kwa sehemu kubwa ni giza. Kuna ng'ombe waliochelewa kurudishwa zizini, kuna baiskeli zisizo na kiakisi, kuna lori lililoharibika na kuwekewa matawi nyuma badala ya pembetatu. Ukishaipita Bunda kuelekea Lamadi unapita lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inafika hadi karibu na lami, na mnyama hana habari na alama za barabarani. Huku upande wa ziwa, jioni za wadudu wa ziwani, kioo na taa hufunikwa hadi dereva anaona ukungu wa njano tu. Tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mwanga unaokuja mbele yako umezidi, na wenye michomoko, hizo Probox zinazobeba abiria kutoka mji hadi mji, wanataka mwanga wa kuujibu. Kwa hiyo simlaumu anayenunua boksi. Nina ugomvi na karatasi.

Tuanze na sifa yake, maana ipo. Macho huanzia kushoto, kwenye betri, yakafuata mstari mwekundu kwenda kulia. Mstari unagawanyika. Tawi moja linapanda kwenye swichi, linashuka kwenye namba 86 ya relei, linatokea namba 85 na kuishia kwenye alama ya hasi. Tawi la pili linapita kwenye fyuzi, linaingia namba 30, linatoka namba 87, linafika kwenye taa. Ni visa viwili katika hadithi moja: kimoja cha umeme mdogo unaotoa amri, kingine cha umeme mkubwa unaofanya kazi. Vinakutana ndani ya kile kiboksi na wala havigusani. Koili ya relei ya volti 12 hutumia chini ya robo ya ampea kuvuta kidomo kinachopitisha ampea 30. Ubunifu huo umechorwa kwa uchache wa mistari unaopendeza, na anayeuona kwa mara ya kwanza huelewa papo hapo kwa nini swichi ndogo ya kwenye dashibodi haihitaji kubeba mzigo wa taa.

Anachokosa kuelezwa ni sababu ya yote hayo kuwa muhimu. Globu ya H4, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1971, ina nyuzi mbili, wati 60 ya fulu na wati 55 ya dimu. Dimu mbili ni wati 110, yaani zaidi ya ampea 9. Katika magari mengi ya zamani umeme huo hutoka betri, hupita boksi la fyuzi, huingia kwenye swichi ya usukani, kisha hurudi mbele hadi kwenye taa, na kila kiungo kilichochakaa hula volti kidogo. Injini ikinguruma kwenye betri utapima volti 13.5, lakini kwenye mguu wa globu unaweza kupima 12. Dereva anadhani kapoteza kidogo tu. Mwanga wa globu ya nyuzi haupungui sambamba na volti, hupungua kwa kasi zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4, na hiyo volti moja na nusu inachukua karibu theluthi ya mwanga wote. Nimeona magari ambayo taa zake za kiwandani zilikuwa nzima kabisa, zikahukumiwa na kubadilishwa, kumbe zilikuwa na njaa ya volti. Kwa magari kama hayo relei mbili na nyaya nzuri zingetosha, na boksi la taa mpya lisingehitajika.

Sasa namba. 30, 85, 86 na 87 zinatoka katika kiwango cha Kijerumani, DIN 72552, kinachoipa kila ncha ya umeme wa gari namba yake: 15 ni umeme unaokuja ukishafungua ufunguo, 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, 31 ni hasi, 56a ni fulu, 56b ni dimu. Relei inayouzwa madukani kwetu ina namba hizo hizo tumboni, iwe imetengenezwa Ujerumani au China. Zinatumika kama majina tu, hazina mpangilio wa hatua, na hapo mchoro unamtupa mwanafunzi, kwa sababu umezipanga kwa ukubwa kutoka juu hadi chini kama vile umeme nao unahesabu. Nimemsikia kijana akieleza kwa uhakika kwamba umeme "unaingia 30, unapita 85 na 86, unatokea 87". Aliisoma karatasi kama ilivyoandikwa. Ukitaka kujua kama fundi ameelewa relei, mwambie aichore bila namba.

Kuna mguu mwingine ambao karatasi nyingi haziuonyeshi. Relei ya miguu mitano inaweza kuwa na 87 mbili, na inaweza kuwa na 87 moja na 87a katikati. Kwa sura zinafanana. Ile 87a hupitisha umeme relei ikiwa imelala na hukata ikiamka. Fundi akibadilisha relei iliyokufa kwa nyingine ya umbo lile lile bila kusoma tumboni, taa moja itawaka swichi ikizimwa na kuzimika swichi ikiwashwa, na atatafuta shoti hadi jioni.

Hadi hapa makosa yanasumbua tu. Yanayounguza yamo kwenye mstari wenyewe. Katika mchoro mzima, kila mstari una unene mmoja. Mstari unaobeba robo ya ampea kwenda kwenye koili na mstari unaobeba ampea 10 kwenda kwenye taa imechorwa kwa kalamu ile ile. Mchoraji hakudanganya, alifuata desturi ya fani yake, ambamo mstari maana yake ni "hivi vinaungana" na hakuna zaidi. Lakini fundi anasoma mstari kama picha ya waya, na waya ulio mkononi mwake una unene. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa omu 0.023 kwa kila mita. Upitishe ampea 9 kwa mita tatu, kutoka betri hadi taa ya upande wa pili, umepoteza volti 0.6 kwenda tu, kabla ya kuhesabu kurudi. Tumia waya wa 2.5 na hasara inashuka chini ya volti 0.2. Tofauti ya bei ni ndogo. Tofauti ya joto ni kubwa, kwa sababu volti zinazopotea zinageuka kuwa moto ndani ya ganda la plastiki.

Na joto hilo halipandi taratibu. Kuna globu za H4 zinazouzwa zikiwa na wati 100/90, na watu huzichomeka kwenye soketi ya kiwandani bila kugusa waya wowote, kwa kuwa miguu inaingia vizuri. Fulu mbili za wati 60 hula ampea 10. Fulu mbili za wati 100 hula karibu ampea 17. Umeme umeongezeka kwa theluthi mbili, lakini joto katika waya huenda na mraba wa ampea, kwa hiyo waya ule ule sasa unazalisha joto karibu mara tatu. Ndiyo maana soketi ya H4 iliyotolewa kwenye gari la namna hiyo huwa na rangi ya kahawia kwenye mguu mmoja, plastiki imevimba na mguu wa shaba umelegea. Ukilegea ukinzani unazidi, ukinzani ukizidi joto linazidi. Soketi hiyo ukiiona, usiirudishe.

Karatasi niliyo nayo mezani ina mgongano wa ndani ambao mhakiki hawezi kuupita. Juu, kwa herufi nene, imeandikwa wati 300. Chini, kwenye mchoro, fyuzi imeandikwa ampea 15. Hata kwa volti 13.5, ampea 15 ni wati 200 na kidogo. Taa hizo zingekuwa kweli na wati 300, fyuzi ingekatika muda mfupi baada ya kuziwasha. Haikatiki. Mchoro umesema ukweli ambao tangazo limeuficha, na hapa naupa mchoro heshima yake. Hatari inakuja siku mnunuzi anapoongeza taa nyingine mbili kwenye waya ule ule, fyuzi ikakatika, akaona suluhisho ni kuweka ya ampea 30. Rangi zinajulikana kwa kila muuza vipuri: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Kuhama kutoka bluu hadi kijani ni suala la dakika moja. Waya unabaki ule ule wa 0.75, na mara nyingi si shaba tupu: ukwangue kwa wembe, ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba. Fyuzi inalinda waya. Taa haihusiki. Anayeweka fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya ameugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na waya ukikatika kwa moto haukatiki peke yake. Wale wanaofunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye miguu ya fyuzi wamefanya jambo lile lile kwa njia ya mkato zaidi.

Mahali pa fyuzi ni kosa la muundo ambalo ningelisahihisha kabla ya mengine yote. Kwenye mchoro fyuzi imewekwa katikati ya mstari mwekundu, nusu ya njia kati ya betri na relei, kwa sababu pale ndipo kuna nafasi nyeupe na ndipo picha inakaa sawa. Fundi mwaminifu ataipeleka pale pale: katikati. Kwenye gari, katikati maana yake ni sentimita 60 au zaidi za waya wa moto zinazopita kando ya fremu, karibu na feni, juu ya kona ya bati, bila ulinzi wowote. Sehemu ile ikichunika na kugusa bodi, fyuzi haitajua, maana umeme hautafika kwake. Betri ya gari dogo inaweza kusukuma mamia ya ampea kwenye shoti ya namna hiyo. Fyuzi ikae shibiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri, au chini ya hapo. Uzuri wa picha usitawale hapa.

Upande wa kulia, chini ya kila taa, kuna vistari vitatu vinavyopungua urefu: alama ya hasi. Katika mchoro mzima hiyo ndiyo alama ndogo kuliko zote, na inabeba nusu ya safari. Kila ampea inayokwenda kwenye taa lazima irudi betri, na inarudi kupitia kile kiskrubu kilichofungwa juu ya rangi ya bampa. Rangi haipitishi umeme. Vumbi la moramu lililochanganyika na unyevu wa ziwani halipitishi vizuri pia. Taa ikiwaka kwa mwanga wa kuchoka, au ikicheza unapopita kwenye matuta, mafundi wengi huanza kuchunguza upande wa chanya kwa sababu ndiko mchoro ulikotumia wino mwingi. Waanze hasi. Bati likwanguliwe hadi ling'ae, waya upate kichwa cha duara kilichobanwa kwa koleo lake, boliti ikazwe, grisi ipakwe juu. Kama bampa ni la plastiki au limeshikwa kwa mipira, waya mweusi uende moja kwa moja hadi kwenye bodi au betri, tena kwa unene ule ule wa waya mwekundu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha usomaji huu. Kila utungo una mambo unayoyachukulia kuwa msomaji anayajua. Mchoro huu unachukulia kwamba gari lako linawasha taa kwa kukata na kuunganisha chanya: ukiweka fulu, waya wa fulu unapata volti 12, na mguu wa tatu wa globu uko hasi daima. Kwa hiyo, kwa anayetaka taa ziwake pamoja na fulu, unakwambia uchukue waya wa fulu, uupeleke 86 badala ya tawi la swichi, na 85 uiweke kwenye bodi. Fulu ikiwaka, relei inaamka. Sawasawa, kwa gari la namna hiyo.

Lakini Land Cruiser za familia ya 70 na 80, zikiwemo zile ziitwazo mkonga tunazoziona kila siku zikielekea Mugumu, Hilux za zamani, na Toyota nyingine nyingi zilizoletwa kutoka Japani, zinafanya kinyume. Humo mguu wa pamoja wa globu ndio wenye chanya, unapata volti 12 mara taa zinapowashwa, iwe dimu au fulu. Swichi ya usukani inakata na kuunganisha hasi. Ukiufuata mchoro kwa uaminifu wote kwenye gari hilo, kinachotokea ni hiki: ukiwa kwenye dimu, waya wa fulu haujaunganishwa na hasi, kwa hiyo umeme unatoka mguu wa pamoja, unapita kwenye uzi wa fulu ambao haujawaka, unafika kwenye waya wa fulu, unaingia koili ya relei na kutokea kwenye bodi. Uzi wa globu una ukinzani mdogo mno ukilinganisha na koili, karibu volti zote 12 zinaangukia koili, na relei inaamka. Taa za ziada zinawaka kwenye dimu. Ukipiga fulu, waya ule unashuka hadi hasi, koili inakosa tofauti ya volti, taa za ziada zinazimika. Zinawaka pale unapopaswa kumhurumia anayekuja, na zinazimika pale unapozihitaji.

Mazungumzo yanayofuata gereji huwa mafupi. "Mura, taa zako zinakwenda kinyume." "Mzee, nimefuata karatasi." Na kijana anasema kweli. Hapo ndipo fundi asiyejua dhana iliyojificha hubadilisha relei, kisha swichi, kisha huambia mteja kwamba taa ni feki. Mwingine hukata tamaa, akachukua umeme moja kwa moja betri hadi kwenye swichi ya kubonyeza, bila kuuhusisha na fulu. Siku dereva akiisahau taa ikiwaka mbele ya nyumba ya wageni, ampea 9 zitaimaliza betri ya Ah 45 kwa saa tano, na injini itagoma kuwaka kabla ya hapo.

Marekebisho yenyewe ni ya mistari miwili tu: 86 iende kwenye mguu wa pamoja, 85 itolewe kwenye bodi na kupelekwa kwenye waya wa fulu. Relei ya kawaida haijali chanya inaingia 85 au 86, isipokuwa ikiwa na daiodi ndani, na hiyo huchorwa ubavuni mwake. Kujua gari lako liko upande gani kunahitaji multimita na dakika mbili. Chomoa soketi za globu zote mbili, washa taa, weka ncha nyeusi kwenye bodi na ncha nyekundu katika kila tundu kwa zamu, kwanza kwenye dimu kisha kwenye fulu. Tundu moja likikupa volti 12 mara zote mbili, gari linakata hasi. Lisipokuwapo tundu la namna hiyo, volti zikihama kutoka tundu moja kwenda lingine unapobadilisha dimu na fulu, gari linakata chanya na karatasi inakufaa. Kwa Probox na Noah usikisie kwa kuangalia nembo, pima. Mchoro ungeweza kusema haya kwa sentensi moja na picha ya pili ndogo pembeni. Umeuzwa katika nchi ambazo barabara zake zimejaa Toyota, na haukusema.

Swichi ya miguu mitatu, ile yenye kitaa chake, nayo imechorwa vibaya katika karatasi nyingi: miguu mitatu, mistari mitatu, hakuna jina. Mguu mmoja ni wa kuingiza, mmoja wa kutoa, na wa tatu, ambao mara nyingi una rangi ya shaba, ni wa hasi kwa ajili ya kile kitaa tu. Ukibadilisha wa kutoa na wa hasi, kubonyeza swichi ni kupiga shoti. Katika mchoro nilio nao tawi la swichi linatoka kabla ya fyuzi, jambo ambalo ni hatari tupu. Lichukuliwe baada ya fyuzi, au, bora zaidi, kutoka kwenye waya wa fulu kama tulivyoona, ili taa za ziada zisiweze kuwaka pasipo fulu.

Mandhari ya mchoro ni karatasi nyeupe. Hakuna injini. Hakuna manifodi ya ekzosi inayoyeyusha ganda la waya, hakuna tundu la bati ambalo waya unapitia kwenda ndani ya gari na kukatwa polepole na mtikisiko kama hukuweka mpira, hakuna maji ya mvua yanayoingia kwenye relei iliyofungwa ikiangalia juu. Relei ining'inie miguu chini. Nyaya ziingie kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo na zifungwe kila baada ya shibiri. Pale mchoro unapoweka nukta nyeusi kuonyesha kiungo, msomaji wetu husuka nyaya mbili kwa vidole na kuzungushia tepu, na gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la boneti. Kiungo kibanwe au kichomelewe kwa risasi, kifunikwe kwa mpira unaosinyaa. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usitumike kabisa, mtikisiko wa gari huuvunja ndani ya ganda lake na nje hutaona kitu.

Kuna mtu mmoja ambaye mchoraji hakumfikiria, naye ndiye anayeumia zaidi. Kwenye karatasi taa imechorwa ikitoa miale mitano iliyopangwa sawasawa, kama jua la mtoto. Mwanga umeonyeshwa kuwa kitu kinachotoka tu. Hauna umbo, hauna upande, na hakuna mtu mbele yake. Taa ya dimu ya kweli ina umbo. Kwetu tunaoendesha kushoto, mpaka wake wa juu umelala kulia, ambako kuna anayekuja, na unapanda kushoto, ambako kuna mwenda kwa miguu na baiskeli. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia hupandisha upande ule mwingine, moja kwa moja machoni mwa dereva wa lori. Ndani ya globu ya H4 kuna kikombe kidogo cha bati chini ya uzi wa dimu kinachouzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya kiakisi cha taa. Kiakisi kile kilipigiwa hesabu kwa uzi uliokaa pale na kikombe kile. Ukichomeka LED ambayo vyanzo vyake vya mwanga havikukaa mahali pa uzi, mwanga unaweza kuwa mwingi kuliko wa zamani, ukamwagika kila mahali, na barabara mbele yako isionekane vizuri zaidi.

Usiku kati ya Bunda na Makutano jambo hilo linaonekana kwa macho. Gari linakuja na taa nyeupe kali, wewe unapiga fulu kumwonya, yeye anapiga fulu kukuonyesha kwamba zile zilikuwa dimu, na kwa sekunde kadhaa magari mawili yanakwenda kwa kasi bila yeyote kuona kilicho kati yao. Ndiyo maana kazi ya taa haijaisha waya unapokamilika. Gari lisimamishwe sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, upimwe urefu wa kitovu cha taa kutoka ardhini, na mpaka wa dimu ushuke kama sentimita 10 chini ya urefu huo. Taa za ziada za kwenye bampa zielekezwe mbele na chini, na zizimike pamoja na fulu.

Na upimaji huo uzingatie mzigo wa gari. Probox inayorudi Musoma na abiria saba na magunia ya dagaa nyuma inakaa kitako, pua inapanda, na dimu iliyopimwa mchana gereji gari likiwa tupu inakwenda kuangaza matawi ya miembe. Kwenye magari yenye kirekebishi cha urefu wa taa karibu na usukani, kile kigurudumu chenye 0 hadi 3 au 4, dereva akionyeshwe na akitumie kabla ya kuondoka stendi. Kwenye yasiyo nacho, fundi apime kwa mzigo ambao gari linabeba kila siku, aweke alama ya chaki ukutani, na akaze skrubu za taa hapo.